Maji Machache Hugeuka Tope: Kurekebisha Maji ya Kioo katika Landrova ya Zamani

Mazungumzo ya fundi wa magari kwa madereva na wamiliki wa landrova, Ruiri. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.

Nimekuja kuzungumza juu ya kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukijali mpaka siku tunapokihitaji: yale maji yanayorushwa kwenye kioo cha mbele ili waipa ziweze kufuta vumbi.

Najua kuna anayejiuliza, "Tuna breki, taa na magurudumu ya kufikiria, na huyu fundi anatuletea habari ya maji ya kioo?" Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwa kisa changu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikiendesha landrova yangu jioni moja ya mwezi wa Agosti, ule wakati wa kiangazi ambao upepo hauishi. Nilikuwa nimeacha lami na kuingia njia ya udongo, nikielekea machweo, jua likiwa machoni. Mbele yangu kulikuwa na lori. Vumbi lake lilitua kwenye kioo changu kama unga wa mahindi. Nikabonyeza swichi ya maji na kuwasha waipa. Maji yaliyotoka yalikuwa matone tu. Waipa ziliyakanda pamoja na vumbi, kioo kizima kikapakwa udongo, na jua likaling'arisha lile tope nikawa sioni chochote.

Nilikanyaga breki. Gari liliposimama nilitoa kichwa dirishani, nikamwona msichana mdogo na punda wake aliyebeba mitungi ya maji, hatua chache tu mbele ya bampa. Hakuna aliyeumia. Msichana alimvuta punda pembeni, akanitazama, akaenda zake bila kusema neno. Mimi nilibaki pale mikono ikitetemeka.

Kosa lilikuwa langu. Breki za gari zilikuwa nzuri na taa zilikuwa nzuri. Lakini kwa miezi mingi nilijua kwamba maji ya kioo yanatoka kwa shida, na kila wiki nilisema nitarekebisha wiki ijayo. Tangu siku hiyo sijawahi kuliita jambo hili dogo.

Hebu tufanye hesabu pamoja. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Ukikosa kuona kwa sekunde tatu tu, umeendesha mita 42 ukiwa kipofu. Kwa kilomita 80 kwa saa, sekunde hizo tatu ni zaidi ya mita 66. Katika umbali huo kuna nafasi ya mtoto, mbuzi, bodaboda na hata lango la shule.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli katika akiba, lakini si kweli kwenye kioo. Maji machache juu ya vumbi hugeuka tope. Afadhali kukosa maji kabisa, kwa sababu hapo utaujua upungufu wako na kusimama ukapanguse kwa mkono. Maji machache hukudanganya kwamba unayo, kisha hukufunga macho gari likiwa mwendoni.

Kwa nini landrova za zamani zina shida hii

Landrova ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, Aprili 1948, ikiwa gari la shamba. Nyingi za zile za mwanzo hazikuwa na mfumo wa kurusha maji, na nyingine zilikuwa na pampu ndogo ya kubonyeza kwa mkono. Pampu za umeme zilienea baadaye. Zile za muundo wa kale ziliendelea kutengenezwa mpaka Januari 2016, na nyingine ziliunganishwa hapa kwetu, Thika. Kwa hiyo landrova unayoiona ikipanda mlima na magunia ya maharagwe inaweza kuwa na umri wa miaka 20 au 50, na mara nyingi mpira wake wa maji una umri uo huo.

Kuna sababu nyingine tatu. Kwanza, kioo cha landrova kimesimama wima na ni bapa. Kioo kilicholala hupitisha upepo juu yake, lakini hiki hupokea vumbi kama ukuta. Pili, vitundu vya kurushia maji, ambavyo mafundi huviita nozeli, ni vichache na hurusha uzi mwembamba wa maji mahali pamoja. Tatu, bodi ni ya aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu nyekundu, lakini inapogusana na bolti ya chuma na kupata unyevu, hufanya unga mweupe. Unga huo huzuia umeme. Pampu ikikosa umeme wa kutosha, huimba lakini haisukumi.

Tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Wengi hukimbilia kununua pampu mpya, wakaifunga, na maji yakabaki matone. Pesa zimekwenda na ugonjwa haujatibiwa. Fuata njia ya maji kuanzia kwenye chupa mpaka kwenye kioo, hatua moja baada ya nyingine. Kazi hii ni ya saa moja.

Hatua ya kwanza ni chupa. Ifungue uitoe. Chini utakuta mchanga, ukungu wa kijani na pengine wadudu waliokufa. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni, kisha uisuuze vizuri. Angalia kama kuna kichujio pale maji yanapoingilia kwenye pampu, ukisafishe. Kama hakuna, weka kitambaa cha wavu mwembamba kwenye mdomo wa kujazia maji.

Hatua ya pili ni pampu. Chomoa mpira unaotoka kwenye pampu, weka kikombe, na mtu mmoja abonyeze swichi kwa sekunde tano. Maji yakitoka kwa nguvu, pampu ni nzima na tatizo liko mbele. Yakitoka kwa unyonge, usiihukumu bado. Chukua nyaya mbili nzuri, uiunganishe pampu moja kwa moja na betri kwa muda mfupi. Ikipata nguvu, pampu haina kosa. Kosa liko kwenye waya, swichi au athi. Mwenye mita ya umeme apime pale kwenye pampu inapofanya kazi. Ukikuta umeme umepungua zaidi ya volti moja kulinganisha na ule wa betri, umempata mwizi. Pampu isizungushwe kwa muda mrefu bila maji, kwa sababu maji ndiyo huipoza na kuilainisha.

Hatua ya tatu ni mpira. Uondoe wote uushike mkononi. Ukiwa mgumu kama kijiti, au ukipinda unaonyesha nyufa, utupe. Tazama pia mahali ulipobanwa na boneti au kulala karibu na injini ukayeyuka. Mpira mpya wa mita chache ni rahisi kuliko vitu vingi unavyonunua gereji.

Hatua ya nne ni nozeli. Zifungue, uzilowanishe katika siki usiku mmoja ili chokaa ilegee, kisha uzizibue kwa uzi mwembamba wa waya wa shaba. Usitumie pini nene wala msumari, kwa sababu ukipanua tundu, maji yatatoka kwa uvivu milele. Halafu puliza hewa kutoka upande wa kioo kurudi nyuma, ili uchafu utoke kule ulikoingilia.

Katika hatua hizi nne, landrova nyingi hupona bila kununua pampu.

Sasa tuboreshe

Baada ya kuponya, tunaweza kulifanya gari liwe bora kuliko lilivyotoka kiwandani. Nitataja mambo matano. Si lazima uyafanye yote siku moja.

La kwanza ni valvu ya kuzuia maji kurudi. Gari likikaa, maji yaliyo ndani ya mpira hurudi polepole kwenye chupa, na siku utakayobonyeza swichi pampu itasukuma hewa kwanza. Hizo ndizo sekunde zinazoleta ajali, hasa kwa kuwa waipa tayari zinakanda vumbi. Valvu ni kipande kidogo cha plastiki kinachofungwa katikati ya mpira, na kina mshale. Mshale uelekee kwenye kioo. Ukiifunga kinyume, hakuna tone litakalopita.

La pili ni nozeli za kusambaza. Magari mengi ya siku hizi yana nozeli zinazorusha maji kama kipepeo badala ya uzi. Wauza spea za mitumba wanazo. Weka angalau moja kwa kila kipande cha kioo. Mbili ni bora zaidi. Wengine huufunga mpira mwembamba kwenye mkono wa waipa, maji yakamwagika palepale mbele ya ubao wa waipa. Kwa kioo kilichosimama wima njia hii ni nzuri sana, kwa kuwa upepo haupati nafasi ya kuyapeperusha. Acha mpira ulegee kidogo ili waipa ikizunguka usiuvute ukakatika.

La tatu ni pampu yenye nguvu, kama ya kwako imechoka kweli. Pampu ya gari dogo la saluni hufaa. Pampu nyingi za aina hii haziwezi kuvuta maji kutoka chini, kwa hiyo lazima ikae chini ya chupa maji yakiifuata yenyewe. Hakikisha pia waya wa chanya na wa hasi umeunganishwa sawasawa, kwa sababu pampu ikizunguka kinyume husukuma kidogo tu, na mtu hudhani amenunua kitu kibovu. Wenye landrova za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 wawe waangalifu zaidi: nyingi kati ya hizo zilitengenezwa waya wa chanya ukiwa ndio uliofungwa kwenye bodi. Na kama landrova yako ilitoka jeshini, pima kwanza kama ni ya volti 12 au 24.

La nne ni umeme. Usitegemee bodi ya aluminiamu iwe njia ya kurudishia umeme. Vuta waya wa athi kutoka kwenye pampu mpaka kwenye chesisi mahali palipokwanguliwa pakang'aa, au mpaka kwenye betri yenyewe. Upande wa chanya, weka rilei, ili swichi yako ya zamani ibebe umeme mdogo wa kuamsha rilei tu, na umeme wa pampu upite kwenye waya mpya. Karibu na betri weka fyuzi inayolingana na waya. Nawaomba sana, fyuzi ikikatika usiifunge kwa karatasi ya sigara wala kwa waya. Fyuzi ikikatika inakuambia kuna mahali waya umegusa. Ukiinyamazisha, utasikia habari hiyo kutoka kwa moto.

La tano ni chupa kubwa. Chupa ya lita moja na nusu haitoshi kiangazi chetu. Mtungi wa lita tano unafaa, lakini kumbuka lita tano ni kilo tano. Ufunge kwa mkanda wa chuma au mpira imara, mbali na ekzosi na betri. Kitu cha kilo tano kinachocheza ndani ya boneti kitakata waya siku moja.

Ukimaliza, rekebisha shabaha. Gari likiwa limesimama, maji yagonge juu kidogo ya katikati ya eneo linalofutwa na waipa. Gari likikimbia, upepo utayashusha. Kisha mpe mwenzako usukani, wewe ukae kando, mjaribu mahali pasipo na watu wala magari, kwa mwendo wa kawaida. Jaribio la kusimama gereji halitoshi.

Maji gani, na sabuni gani

Hapa kwetu wengi hujaza maji ya kisima. Maji ya visima virefu mara nyingi yana chokaa, yale yanayoacha weupe chini ya sufuria. Weupe huohuo huziba nozeli. Mvua za Oktoba mpaka Desemba zinaposhuka, kinga maji ya paa, yachuje kwa kitambaa, uweke mtungi mmoja kwa ajili ya gari. Maji hayo ni laini na ni ya bure.

Sabuni iwe ya maji, kifuniko kimoja cha chupa ya soda kwa lita tano. Sabuni ya unga huacha chembe na povu. Usitie mafuta ya taa wala dizeli, kwa sababu huacha utando unaong'aa usiku ukimulikwa na taa za gari linalokuja. Wala usitie dawa ya rejeta. Ni sumu, na watoto na mifugo huvutiwa na utamu wake.

Waipa na kioo chenyewe

Maji mazuri hayasaidii waipa mbovu. Jua letu hukausha mpira wa waipa ukapasuka. Upitishe kidole, ukikwaruza, ubadilishe. Na usiwashe waipa kavu kwenye vumbi. Ndani ya vumbi la barabara mna chembe za mchanga ambazo ni ngumu kuliko kioo chenyewe. Kila ukifuta kavu unachora mistari, na siku jua likiwa mbele yako mistari hiyo huwaka yote. Mazoea yawe haya: maji kwanza, hesabu moja, kisha waipa.

Kioo kikishachorwa sana, kibadilishe. Kioo cha landrova ni bapa, kwa hiyo kukikata ni rahisi, na hapo ndipo kuna hatari. Wengine huweka kioo cha dirisha la nyumba. Kioo hicho kikivunjika hugeuka visu mbele ya uso wako. Dai kioo cha gari chenye tabaka mbili zilizoshikanishwa na utando katikati.

Mwisho, hata mfumo mzuri hauchukui nafasi ya akili. Ukiwa nyuma ya lori kwenye vumbi, rudi nyuma mpaka uone magurudumu yake. Weka ndani ya gari chupa ya maji na kitambaa safi. Kioo kikifunikwa ghafla, punguza mwendo taratibu, washa taa za tahadhari, toka kando, usimame ufute. Mzigo wa miraa una haraka, najua, na mama mwenye mboga anataka kuwahi soko. Lakini hakuna soko linalongoja gari lililogonga mtu.

Nawaachia kazi moja. Msingoje siku ya ukaguzi wa NTSA. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha injini, fungua boneti, angalia maji, kisha bonyeza swichi mara moja. Ukihesabu moja na kioo chote bado hakijalowa, upande wako na upande wa abiria, gari hilo lina ugonjwa. Nimewaeleza mahali pa kuutafuta. Wenye nafasi, njooni na landrova zenu hapa nje baada ya mazungumzo. Nimekuja na mpira, valvu chache na mita yangu, na vijana wa jua kali watajifunza tukitengeneza pamoja.

Yule msichana na punda wake sikuwahi kujua jina lake. Atakuwa mtu mzima sasa. Kila ninapobonyeza ile swichi na kioo kikalowa mara moja, humkumbuka, nikashukuru kwamba siku ile breki zilikuwa na bahati kuniliko.

Mwenye swali aulize.